Jeneza la Mzee Dzombo

Jumatatu, 4 Agosti

Bi Mwanarusi, mkurugenzi wa kituo chetu cha sanaa, ametuita ofisini mimi na Thoya. Ametuambia kwa upole, kama muuguzi anayeficha sindano, kwamba kuanzia mwezi ujao kituo kitabaki na mkufunzi mmoja tu wa kazi za nyuma ya jukwaa. Mmoja wetu atakuwa Mkuu wa Mafunzo. Mwengine atapata nafasi ya kujaribu mambo mengine. Onyesho la wanafunzi Jumamosi ndilo litakaloamua.

Sioni la kuamua. Mimi nafundisha usimamizi wa jukwaa: nani aingie, lini, kwa mlango gani, ameshika nini, na mambo yakiharibika alaumiwe nani. Elimu nzito. Thoya anafundisha taa na sauti, yaani kuwasha na kuzima. Mtu wa Kinango, mpole, hasemi mpaka aulizwe. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Nimempigia simu Mama kule Bodo nikamwambia nimeshateuliwa. Si uongo. Ni habari iliyotangulia kidogo. Amefurahi, ametangazia majirani huku simu iko hewani, kisha akaniuliza sasa naoa lini. Kila habari njema kwa Mama huishia hapo.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Ukumbi wetu ni ghala la zamani la mbata hapa Msambweni, na jua likiwa kali wageni huuliza kunapikwa nini. Mchezo wameutunga wanafunzi wenyewe. Mzee Dzombo, tajiri wa minazi, amefariki. Wanawe wanagombea mashamba na baba yao yumo jenezani katikati ya jukwaa, hajazikwa bado.

Hanifa ndiye meneja wa jukwaa. Hukaa pembeni na redio za mawasiliano tulizoazima kwa walinzi wa hoteli moja ya Galu, na kila kitu husubiri neno lake. Akisema "tayari", mtu wa taa huweka kidole kwenye swichi. Akisema "nenda", ndipo taa hubadilika. Lewis, aliyekuja kutoka Nairobi, ndiye maiti. Tulimjaribu kwanza kama mtoto mkubwa wa marehemu, lakini Kiswahili chake kiliwachekesha wenzake hata pale pa kulia. Maiti hana maneno, kwa hivyo kazi hiyo akapewa yeye.

Nimewakaririsha sheria zangu. Kifaa hakitoki kwenye meza ya vifaa ila kwa mkono wa mwenye kukitumia. Mchezo ukianza hausimami mpaka meneja wa jukwaa aseme usimame. Na ile ninayojivunia zaidi: mchezo ukianza, asiyekuwa na kazi jukwaani hapandi jukwaani, awe mwalimu, awe mkurugenzi, hata nyumba ikiwaka. Hanifa aliuliza, na ikiwaka kweli? Nikamwambia asilete ubishi.

Siku ilikuwa nzuri mpaka Bi Mwanarusi alipoingia. Akalizunguka jeneza lililotengenezwa na wanafunzi wa Thoya kwa fito za mkoko za jiko lililobomolewa. Akaligusa. Akasema hajaona kazi safi kama ile tangu kituo kifunguliwe. Mbele yangu. Thoya akasema ni kazi ya watoto, yeye aliwashikia kamba tu. Ujanja ulioje, kukataa sifa ili uongezewe.

Jumatano, 6 Agosti

Mkufunzi lazima apime usalama wa vifaa. Limeandikwa popote utakaposoma. Basi mchana, wote walipokwenda kula, nikalipima lile jeneza. Nilikaa juu yake. Likastahimili. Nikasimama juu yake. Likastahimili. Nikaruka. Hapo ndipo ukweli ulipodhihirika.

Thoya alinikuta nimekaa chini katikati ya fito. Aliniuliza kama nimeumia. Fitina tupu. Mtu wa kawaida angegomba, nami ningejua pa kumjibu.

Bi Mwanarusi akaitwa. Nikamweleza kwamba kama jeneza haliwezi kumstahimili mkufunzi mmoja anayeruka, halifai. Aliniuliza maiti wa kwenye mchezo huruka mara ngapi. Wanafunzi wakaangalia dari. Nami kwa kuona heshima yangu inamwagika, nikasema ifikapo Jumamosi nitaleta jeneza halisi, la watu wazima, si la maskhara. Akauliza nitalitoa wapi. Nikamwambia aniachie mimi.

Sasa najiuliza nitalitoa wapi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa fundi seremala Ukunda. Anatengeneza makochi. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema anaweza kunifanyia kochi refu lisilo na mgongo. Mwenziwe wa duka la pili akanionyesha kitanda cha mtoto chenye vikaragosi vya samaki ubavuni. Nimerudi Msambweni nimechoka, na vumbi la mbao kwenye pua.

Nikaingia msikitini kuswali Alasiri. Nilipokuwa natia udhu nikaona mlango wa kile chumba kidogo kando ya kisima uko wazi nusu. Ndani, jeneza. Mti mzuri, mikono imelainishwa na mabega ya watu wa miaka mingi, na juu yake kitambaa cha kijani chenye maandishi ya dhahabu. Kitu cha maana kabisa. Nikajikemea kwa kuangalia vitu wakati wa ibada. Kisha nikaangalia tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Thoya ameniambia faraghani kwamba yeye na wanafunzi wamezifunga upya zile fito kwa kamba ya nyavu, na jeneza linasimama. Kama nataka, alisema, hakuna haja ya mtu kujua lilivunjikaje. Nikamshukuru kwa baridi. Nimeshaahidi jeneza halisi. Mwanamume na neno lake.

Kinachonitia wasiwasi ni viti. Bi Mwanarusi amewaalika watu wa burudani kutoka hoteli za Galu, waje wawaone wanafunzi na huenda wakawachukua kazini. Ukumbi ukiwa mtupu ni aibu. Onyesho lililopita tulikuwa na wazazi watatu na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Watu wa hapa hawaendi kutazama mchezo. Lakini msiba hawaukosi, hata wa mtu wasiyemjua.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Nimelipata. Na sikusema uongo hata neno moja. Naliandika hili makusudi, nikiwa na akili zangu timamu.

Ufunguo wa chumba cha jeneza uko kwa Mzee Issa, mwadhini wetu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mwanangu, za nyumbani? Nikamwambia tuna msiba. Akatoa leso akafuta uso, akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nani aliyetutoka? Nikasema Mzee Dzombo. Ndivyo anavyoitwa mchezoni. Akasema hamjui. Nikasema alikuwa mtu wa kukaa kwake, mwenye minazi mingi. Akauliza kama ameacha watoto. Nikasema ameacha, na wanagombana. Mzee Issa akatikisa kichwa, akasema ndiyo dunia hiyo.

Akauliza kama maiti ameshaoshwa. Nikakumbuka kwamba asubuhi nilimwona Lewis bombani na sabuni. Nikasema ndiyo. Akauliza safari inaanzia wapi. Nikasema kituoni, baada ya Alasiri. Akaniwekea mkono begani, akaniambia nisihangaike peke yangu, mengine niwaachie wao. Watu wa msikiti wana huruma jamani. Sikuuliza mengine yapi.

Wanafunzi wamenisaidia kulibeba kwa mlango wa nyuma. Hanifa aliuliza kama Mzee Issa anajua linakwenda kufanya nini. Nikamwambia anajua kila kitu kuhusu Mzee Dzombo. Alinitazama vile anavyotazama waya uliochubuka. Bi Mwanarusi alipoliona jeneza alilizunguka mara moja, kisha akasema haya. Thoya akarudi kwenye taa zake. Nilingoja aseme neno.

Adhuhuri sikwenda msikitini. Tulikuwa tunabishana juu ya vipaza sauti.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Naandika nikiwa nyumbani. Mlango nimeutia komeo.

Ningekwenda kuswali Adhuhuri ningesikia msiba wa Mzee Dzombo ukitangazwa. Sikwenda. Basi baada ya Alasiri nilipochungulia kwenye pazia, nikaona ukumbi umejaa pomoni. Kanzu na kofia mpaka ukutani. Nje, chini ya madirisha, kina mama wamekaa na leso zao. Kimya, adabu, hakuna anayechezea simu. Bi Mwanarusi akaninong'oneza, umewapataje hawa wote? Nikamjibu kwa neno moja: uzoefu. Watu wa Galu walipewa viti vya mbele, nao walikuwa wameduwaa. Mzee mmoja alikuwa analia hata kabla ya pazia kufunguliwa. Alikuwa akimweleza jirani yake kwamba yeye na Mzee Dzombo walivua pamoja ujanani, na kwamba marehemu hakuwa na kinyongo na mtu. Nikajiambia hiyo ndiyo hadhira ninayoistahili.

Hanifa akasema taa, tayari. Nenda. Jeneza likatokea katikati ya mwanga, na ukumbi mzima ukasema inna lillahi kwa sauti moja. Nywele zilinisimama. Hata sasa nikikumbuka nasema, lile lilikuwa jambo zuri.

Wakaingia watoto wa marehemu wakaanza kugombania minazi. Mzee wa kwanza akainuka kwenye kiti akasema aibu, baba yenu hajafunikwa mchanga. Wa pili akapanda jukwaani kabisa. Wanafunzi wangu, kwa kuwa mchezo hausimami mpaka meneja wa jukwaa aseme usimame, wakazidi kugombana. Kadiri wazee walivyowasuluhisha, ndivyo walivyopandisha sauti. Halafu yule msichana anayeigiza binti wa mwisho akalemewa na nasaha, akalia machozi ya kweli, akamsamehe kaka yake shamba lote. Hilo halimo mchezoni.

Ndipo Mzee Issa aliposimama mbele, akasema maiti ana haki yake, hasubirishwi kwa ajili ya minazi, apelekwe msikitini akaswaliwe. Na kwetu kumbeba maiti ni thawabu, hakuna anayetaka kukosa. Mabega yakajipanga. Jeneza likainuka.

Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nikakimbilia jukwaani. Mlangoni amesimama Chengo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mikono ameitanua. Akasema samahani, Mwalimu Chande, huna kazi jukwaani. Nikamwambia sheria hiyo nimeitunga mimi. Akasema ndiyo, Mwalimu, na mimi nimeihifadhi. Nikamwambia nyumba inawaka. Akasema hata nyumba ikiwaka.

Nikabaki nyuma ya pazia natazama kama mtu aliyeazimwa tundu la ufunguo. Hanifa hakupiga kelele. Akasema redioni: sauti, zima. Taa za ukumbi, tayari. Nenda. Ukumbi ukang'aa, waigizaji wakanyamaza palepale. Akatoka mwenyewe mbele za watu, akawaamkia wazee, akasema huu ulikuwa mchezo, hakuna aliyefariki, kosa ni la kituo, na kwa niaba ya wote anaomba radhi. Alisema kwa heshima, pole pole. Ukumbi ulimsikia.

Waliobeba jeneza hawakumsikia. Walikuwa wameshafika barabarani, wanasoma tahlili, na kila aliyekuwa njiani anakimbilia kutia bega. Thoya aliwafuata mbio akiita. Lewis, ambaye alikula wali wa nazi wa kutosha kabla ya onyesho, alikuwa amelala usingizi tangu taa ya kwanza. Mtikisiko ukamwamsha. Akafunua kitambaa, akaketi, akawauliza wazee wanampeleka wapi na kama mchezo umebadilishwa.

Wakamshusha kwa uangalifu mkubwa, maana jeneza ni la msikiti. Kisha wakatimua mbio. Inasemekana aliyetangulia ni yule mzee aliyevua na marehemu.

Wageni wa Galu walisimama kupiga makofi. Walisema hawajaona onyesho linalotoka mpaka barabarani na watu wake. Nilianza kuwaeleza kwamba hiyo ni mbinu yangu ya kufundishia. Nilikuwa nimefika hapo kwenye neno "yangu" nilipohisi mkono wa Mzee Issa begani. Begani palepale pa asubuhi, lakini mkono haukuwa ule ule.

Na kama haikutosha, Mama akafika kutoka Bodo na kina mama wenziwe, sufuria na gunia la mchele kwa ajili ya matanga. Alikuwa ameambiwa mwanawe ana msiba. Aliponiona akanikumbatia, akalia, akauliza tumefiwa na nani. Nilipomweleza alivua ndara. Baadaye akaniuliza kama nimekula. Mchele haukurudi Bodo. Ulipikwa hapo hapo, na waliokimbia walirudi kwenye wali.

Jumapili, 10 Agosti

Tumelirudisha jeneza. Tulilibeba mimi, Thoya, Lewis na Chengo, mchana kweupe. Kitambaa nimekifua kwa mikono yangu. Imamu hakunigombeza. Alizungumza taratibu, na afadhali angenigombeza. Mzee Issa alisema kwamba jana baada ya Adhuhuri alimwombea Mzee Dzombo kwa jina lake, akamwombea na wanawe wapatane, na sasa hajui dua ile iko wapi. Nikaona haya. Naliandika mara moja tu na sitalirudia.

Nilimwambia huenda imewekwa akiba. Hakucheka.

Kisha kwa Bi Mwanarusi. Thoya ndiye Mkuu wa Mafunzo. Hanifa amechukuliwa na hoteli ya Galu kusimamia jukwaa lao. Walisema hawajaona msichana aliyezima zogo kwa sauti ya chini namna ile. Nikamkumbusha Bi Mwanarusi kwamba Hanifa ni mwanafunzi wangu, na kwamba kila alichokifanya jana kimo katika sheria zangu. Akasema ni kweli, inaonekana ni mimi peke yangu sikuhudhuria masomo yangu.

Nikangoja niambiwe habari za kujaribu mambo mengine. Kumbe Thoya ameomba nibaki. Amesema kituo kinahitaji mtunza vifaa, na hakuna atafutaye vifaa kwa bidii kama mimi. Alisema bila tabasamu. Mpaka sasa sijui kama amenisaidia au amenitukana, na huo ndio ubaya wa watu wapole. Nimekubali. Sharti la Bi Mwanarusi ni moja: nisiazime tena kitu chochote msikitini. Nimeapa.

Jumatano, 20 Agosti

Mambo si mabaya. Mtunza vifaa ana chumba chake na kufuli lake. Chengo ndiye meneja mpya wa jukwaa, na kila nikipita karibu na ule mlango hutanua mikono.

Mchezo ujao ni wa harusi. Thoya amewaambia wanafunzi watengeneze kiti cha maharusi kwa mbao za masanduku. Nimekitazama. Kimejaa vibanzi vya kuchoma. Siwezi kuwa mtunza vifaa halafu nikakubali kitu kama kile mbele ya watu, wakati Ukunda yuko Bi Ummi, mpambaji wa maharusi, mwenye kiti cha dhahabu, mapazia, maua na taa zake. Nimeapa kutoazima msikitini. Bi Ummi si msikiti.

Leo nimemwendea. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia tuna harusi. Alifurahi sana, maana anatufahamu, na Mama yake na Mama yangu walisoma chuo kimoja cha Kurani. Akauliza lini. Nikamtajia siku ya onyesho. Akauliza bwana harusi ni nani. Sasa katika mchezo huu bwana harusi hana maneno, anakaa tu, na wanafunzi wote wana kazi, kwa hivyo nafasi hiyo nimeichukua mwenyewe. Nikamwambia ni mimi. Sikusema uongo hata neno moja.

Alipiga kigelegele dukani. Akasema kiti nitapewa, na mapazia nitapewa, na mengine nisihangaike, niwaachie wao. Watu wa Ukunda wana moyo.

Sasa hivi Mama amepiga simu kutoka Bodo. Analia kwa furaha na hasikiki vizuri, kwa sababu nyuma yake kuna vigelegele na mtu anapiga sufuria. Sijui wamepata nini huko. Nimefurahi tu kumsikia amechangamka, baada ya ule msiba.